Bati Jipya, Chungu Kidogo

Sensa zote za nchi hii tangu Uhuru zimefanyika mwezi wa Agosti: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Mtu wa kijijini hana haja ya kuuliza kwa nini. Agosti mavuno yameshaingia ndani, barabara ni kavu, na wengi wapo nyumbani. Hapa Ugogo ni mwezi wa upepo na vumbi, mtama umeshapurwa, na mgeni anayeuliza maswali anapata wa kumjibu. Mwaka 1967 tulihesabiwa watu milioni 12.3 nchi nzima. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Mkoa wetu wa Dodoma ulikuwa na watu laki saba na kitu, mwaka 2022 ukawa na 3,085,625. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1950 tumeishi ndani ya ongezeko hilo lote. Tulihesabiwa tukiwa watoto wa watu, tukahesabiwa tukiwa wakuu wa kaya, na sasa wengi wetu tunahesabiwa tukiwa tegemezi.

Hesabu ya taifa ina wataalamu wake wa kuieleza. Mimi nataka kusema habari za kijiji kimoja kidogo, changu, nilikokuwa katibu kwa miaka mingi na ambako bado ni balozi wa nyumba kumi. Kizazi chetu kimejenga nyumba bora kuliko zote zilizowahi kusimama juu ya ardhi hii. Kizazi hichohicho kimeipunguza kaya mpaka imeshindwa kubeba mizigo iliyokuwa ikiibeba. Mambo hayo mawili yamekwenda pamoja, na kila hatua tuliyopiga tulikuwa na sababu njema ya kuipiga. Ndiyo maana naona ni wajibu wetu kuyasema sisi wenyewe tungali hai, kabla hayajasemwa na wasiojua yalivyoanza.

Wasiolijua tembe niwaeleze. Ni nyumba ndefu, ya chini, ya mstatili. Kuta zake ni miti iliyosimikwa karibu karibu na kukandikwa udongo. Paa ni bapa: mihimili juu ya nguzo, fito juu ya mihimili, kisha matawi, nyasi na udongo. Mtu mrefu huinama mlangoni na hanyooki sawasawa hata akishaingia. Tembe huzunguka ua, na uani ndimo ng'ombe wanamolala. Kila mke alikuwa na sehemu yake, na jiko lake, na vilindo vyake vya nafaka vilivyosimama ukutani, na ndama wachanga kwenye kona. Kabla ya mvua za Desemba wanaume walipanda juu kuziba nyufa kwa udongo mpya. Mahali palipovuja mwaka uliopita walipajua kwa michirizi iliyobaki ukutani, na mtoto alisimama ndani akigonga dari kwa mti ili aliye juu apate mahali penyewe. Kazi hiyo niliifanya mimi utotoni, vumbi likinijaa machoni.

Katika tembe la babu yangu walikuwamo babu na wake zake, wanawe waliooa pamoja na wake zao, shangazi aliyekuwa ameachika akarudi kwao, watoto wengi, na kijana wa jamaa wa mbali aliyeletwa mwaka wa njaa akabaki. Hakuna aliyemwita kijana huyo mzigo. Ugogo ni nchi ya njaa zenye majina. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mwaka ikikosea, kosa lake linakaa tumboni mpaka Mei inayofuata. Wazee wetu walituhadithia Mtunya, njaa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, na katika masimulizi yao waliosalimika walikuwa watu wenye watu. Kaya kubwa ilikuwa na mikono ya kulima, na wavulana wa kupeleka ng'ombe mbali, na binti wa kuozwa kwa mahari, na daima palikuwa na mmoja aliyejua jamaa alipo mwenye akiba. Ukubwa wa kaya ndio uliokuwa ghala letu la pili.

Nisieleweke kwamba nayatamani maisha yale yote. Tembe lilikuwa na moshi usio na pa kutokea. Nzi wa mifugo walikuwa nzi wa watoto, na vikope viliwapofusha mama zetu wengi. Kongwa, wilaya jirani, imejulikana kwa waganga wa macho duniani kote kwa sababu ya utafiti wa ugonjwa huo. Tena watoto walikufa. Mama yangu alizaa sana na kuzika sana, na hilo halikuwa ajabu mtaani, kila mama wa umri wake alikuwa na kaburi dogo la kukumbuka. Hata mwaka 1978, muda mrefu baada ya Uhuru, watoto 137 katika kila 1,000 waliozaliwa nchini hawakufikisha mwaka. Utafiti wa afya wa 2022 umekuta idadi hiyo imeshuka hadi 33. Anayesikitikia zamani aziweke namba hizo mbili mbele yake kwanza.

Operesheni Dodoma, ile ya kutukusanya katika vijiji vya ujamaa, ilitukuta mwaka 1971, kabla ya sehemu nyingi za nchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na habari hiyo ilitufikia na kututia moyo sisi vijana. Novemba 1973 akatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Sheria ya mwaka 1975 ikasema kijiji kiandikishwe kikiwa na kaya zisizopungua 250. Kwetu huo ulikuwa mwanzo wa kaya kuwa kitu cha kuandikwa daftarini. Viwanja vilipimwa kwa kamba, vikapangwa kwa mistari kufuata barabara, na kila mwanamume mwenye mke akapewa chake. Wajane walipewa pia, baada ya mabishano makali ambayo wanawake waliyashinda. Tembe la babu likatoa nyumba nne katika mstari mmoja. Mihimili iliyofaa ilibebwa, mingine ikaachwa mchwa waimalize.

Tulichopata kilikuwa kikubwa. Shule ilikuwa ya kutembea kwa miguu dakika chache. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitukusanya kwenye redio, tukachimba vyoo, na watu wazima wakajifunza kusoma jioni baada ya shamba. Azimio la Musoma la 1974 likaleta elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na darasa ambalo zamani lingekuwa na watoto wa machifu na wa wachache likajaa watoto wa kila mtu. Zahanati ilifuata. Mimi niliamini kazi ile na bado naiamini.

Tulichopoteza kilionekana polepole. Shamba la kuzunguka tembe lilikuwa jeusi kwa samadi ya miaka mingi. Mashamba mapya yalikuwa mbali, na samadi haikuwafuata watu kwa umbali huo. Hilo la udongo limeandikwa na wengi. Lisiloandikwa sana ni kwamba ua ulikufa. Ukiwa na nyumba nne katika mstari, kila mlango ukitazama barabara, hakuna mahali pa mkamwana kupika huku mama mkwe anamwangalia mtoto wake, na mgonjwa akigeuka usiku hasikiki nyumba ya pili. Tuliendelea kuwa ukoo mmoja kwa miaka kadhaa, tukilima pamoja na kuzikana. Lakini kila kaya ilikuwa na chungu chake, na daftari la kijiji lilitufundisha kufikiri hivyo.

Kisha likaja bati. Miaka ya mwanzo ya 1980 bati lilikuwa adimu kama sukari, na aliyepata bando moja alilifunika kwa magunia. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile, kizazi changu kilianza kujenga kwa namna ambayo baba zetu wasingeiota. Msingi wa mawe, tofali za kuchoma, renta, kenchi za mbao, bati la geji 30, na aliyejaliwa geji 28. Tuliuza ng'ombe, tuliuza karanga na alizeti, wengine walipanda zabibu. Kila nyumba ilichukua miaka: mwaka huu kuta, mwaka ujao paa, plasta Mungu akipenda. Natamani vijana waelewe jinsi tulivyoipenda kazi ile. Mtu aliyekuwa ameinama mlangoni tangu kuzaliwa aliingia nyumbani kwake wima, akafungua dirisha. Bati lina joto la kuumiza mwezi wa Oktoba na mvua ikinyesha hamsikilizani, na tanuri za tofali zimekula miti yetu bila huruma, hilo la miti linahitaji makala yake. Hata hivyo hakuna hata mmoja kijijini anayetaka kurudi chini ya udongo.

Nyumba hizo tuliwajengea watoto waliokuwa shuleni. Shule ikawafundisha vizuri, wakaenda. Wengine Dar es Salaam, wengine Morogoro, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mjini kwetu kumekuwa na kazi za ujenzi zisizoisha, kwa hiyo wengi wako huko, mafundi, mama lishe, madereva wa bodaboda. Ndiyo maana namba za kaya zinawachanganya wageni. Mwanamke wa kijijini Tanzania, kwa utafiti ule wa 2022, bado anazaa kwa wastani watoto 5.5. Hao watoto sasa wanaishi. Basi kaya zingetakiwa kufurika. Lakini sensa ya mwaka huohuo ilikuta wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Watu wameongezeka haraka, na kaya zimeongezeka haraka kuliko watu.

Agosti 2022 niliongozana na karani wa sensa mlango kwa mlango, maana walihitaji mwenyeji wa kuwatambulisha. Alikuwa binti mpole mwenye kishikwambi. Tulifika kwa jirani yangu, mjane wa umri wangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

Akaulizwa walilala nani katika kaya hiyo usiku wa kuamkia tarehe 23. Akainua vidole vitatu: yeye na wajukuu wawili, wa mwanawe wa kike aliye Dar. Baadaye yakaja maswali ya nyumba. Paa? Bati. Kuta? Tofali za kuchoma. Sakafu? Saruji. Taa? Umeme, aliunganishiwa kwa ile shilingi 27,000 ya vijijini. Binti akabonyeza kila jibu na kushukuru. Kwa majibu yale, nyumba ya bibi yule ni katika nyumba bora za kijiji, na ni kweli. Mwanawe wa kwanza, aliyenunua bati, alihesabiwa Mbagala, Dar es Salaam. Wa pili, aliyelipia saruji, alihesabiwa mjini Dodoma. Sensa hufanya sawa kumhesabu mtu alipolala, maana bila hivyo wangehesabiwa mara mbili au wasihesabiwe kabisa. Lakini tulipotoka nilijua kitu ambacho kishikwambi hakikuulizwa: maji ya nyumba ile nzuri yanachotwa na mtoto wa darasa la nne, na usiku bibi akibanwa na kifua anayeamka ni mtoto huyohuyo.

Nikizitazama nyumba za ubalozi wangu, zinazoitwa kumi ingawa zimeshapita idadi hiyo zamani, naona habari ya kizazi kizima. Kuna nyumba ya mzee mwenye wake wawili, kila mke na chungu chake, hivyo ni kaya mbili, na mzee huhesabiwa alikolala. Kuna nyumba ambayo wazazi walifariki wakati ule Ukimwi ulipopita kwenye vijiji vya barabarani, na bibi akalea watoto watano peke yake mpaka wakawa watu wazima. Bibi huyo alistahili nishani. Alipata baadaye jina lake katika orodha ya mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na fedha ile ilimsaidia kuwanunulia wa mwisho sare na madaftari. Kuna kijana mmoja tu aliyeoa na kubaki, analima alizeti, ana pikipiki, na ndiye anayeitwa na kila mzee anayehitaji kupelekwa zahanati. Nusu ya ubalozi inaegemea mgongo wa kijana huyo, naye hana cheo chochote.

Na kuna ile nyumba kubwa kuliko zote. Vyumba vinne, madirisha ya vioo, bati la rangi, ukuta wa uzio, geti. Mwenyewe yuko Dar es Salaam. Huja Desemba akipata likizo. Miezi mingine pana kufuli, na mama yake mzazi anaishi mita chache kutoka hapo katika nyumba ya zamani kwa sababu hataki kulala peke yake kwenye vyumba vinne. Namheshimu sana kijana yule. Amefanya alichotuona tukifanya: kumpenda mzazi ni kumjengea. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba heshima ya mtu ni paa lake, na hatukumwambia kwamba paa halimwoni mtu akianguka.

Sensa ya 2022 ilihesabu pia majengo, kwa mara ya kwanza nchini, yakapatikana zaidi ya milioni 14. Ningependa siku moja mtu aniambie mangapi kati yake, vijijini, hulala yamefungwa.

Kuna wanaosema suluhisho ni vijana warudi. Sikubaliani nao. Ekari tulizogawiwa miaka ya 1970 zimeshagawanywa kwa watoto na wajukuu, na mvua ni ileile ya msimu mmoja. Ardhi ya kijiji haiwezi kuwalisha wote waliozaliwa hapa, na fedha ya wale walioondoka ndiyo inayonunua unga mwaka wa ukame. Mwana aliye mjini amekuwa akiba ya kaya. Tatizo letu liko kwingine. Zamani akiba na mkono wa kumwinua mgonjwa vilikuwa ndani ya ua mmoja. Sasa akiba inatoka Mbagala kwa simu, na mkono haupo.

Mkono huo hautapatikana kwa kumlaumu mkamwana, wala kwa kumtoa mtoto shuleni ili amkalie bibi, jambo ambalo limeanza kutokea na ambalo nalipinga kwa nguvu zangu zote. Itabidi upangwe na kijiji, kama tulivyopanga kisima na shule. Tuna sheria ya kutosha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Tunapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi hatulazimiki kurudia kamba za 1971. Vijana wanaooa sasa wanapewa viwanja pembeni, kwenye mashamba, na kila kiwanja kipya kinakula shamba na kumweka mzee mbali zaidi na mtu. Nimependekeza viwanja vya zamani viruhusiwe kujengwa nyumba ya pili na ya tatu zikitazamana, na mlango wa jiko uelekee ndani. Wapo waliosema nataka kurudisha tembe. Ninachotaka kurudisha ni ua, wenye saruji, umeme na choo safi.

Kwa vijana walioko mijini nina ombi la wazi zaidi. Kabla hujaongeza chumba cha tano, kaa na mama yako umuulize angependa nani alale karibu naye, kisha mlipe mtu huyo. Awe binamu, awe mama wa jirani ambaye watoto wake wamekua, mlipe kila mwezi kama unavyomlipa fundi, kwa makubaliano yanayojulikana kwa balozi. Bei ya bando chache za bati inatosha mshahara wa muda mrefu hapa kijijini. Kazi hiyo itampa mtu riziki bila kuhama, na mtoto wa darasa la nne ataamka asubuhi akiwa amelala usiku kucha.

Daftari la wakazi la kijiji lina safu ya jina, jinsi, umri na kazi. Mabalozi tumeomba iongezwe safu moja kwa kila mwenye zaidi ya miaka 60: jina la mtu mzima anayelala karibu naye, na namba ya simu ya mtu huyo. Mtendaji wa kijiji amekubali kuifikisha hoja hiyo kwenye halmashauri. Wakati tunasubiri, tumeanza kuijaza kwa penseli, na kwa nyumba zile ambazo safu inabaki tupu tumepanga zamu ya kupita kila jioni, nami nimechukua mstari wa karibu na shule.